Sinema za Jumapili kwa Haboba

Wenzangu mliorudi Juba miaka ile ya amani, mkiwa mmekaa juu ya magodoro na sufuria ndani ya lori, naona siku hizi kwenye kundi letu la simu hamna kazi nyingine ila kuulizana: nipendekezeeni filamu nzuri ya kutazama wikendi hii. Mnatajiana majina, mnatajiana mwaka iliotoka, mnagombana kuhusu waigizaji. Mimi nasoma tu na kunyamaza. Si kwamba sina za kupendekeza. Ninazo tele, ila hazina majina. Enzi zetu sinema ilifika mtaani kwetu Malakia kwenye sidi iliyokwaruzika, karatasi yake imefubaa kwa jua la sokoni, na jina tulilipa sisi wenyewe. Kulikuwa na Ile ya Farasi Mgonjwa. Kulikuwa na Dada Wawili na Kinu. Kulikuwa na Mzee wa Saa, ambayo naipenda hadi leo na sijawahi kuipata tena popote. Ungeitaja hivyo kuanzia kwetu hadi Nyakuron, watu wangekujibu, aa, ile!

Nilikuwa na miaka kumi mama aliponitoa Kitale na kunipeleka kwa mama yake, ambaye nilikuwa simjui hata kwa picha. Juba bibi anaitwa haboba, na huyu wangu hakuwahi kuutoka mji ule vita vyote vilipokuwa vikiendelea. Yeye alisema Kibari na Kiarabu cha Juba. Mimi nilikuwa na Kiswahili na Kiingereza cha shule. Wiki za kwanza tulizungumza kwa mikono na kwa chakula. Alinipakulia kisra, mkate mwembamba, laini na mchachu kidogo, na mchuzi wa mboga uliokorogwa na karanga za kusaga, kisha akanitazama nikila mpaka niseme kwa kichwa kwamba ni tamu. Mama alikuwa ameshapata kazi ofisini na aliondoka asubuhi. Mchana wote tulibaki wawili uani, chini ya harufu ya mwarobaini, tukitabasamiana kama wageni kwenye arusi.

Kisha akaja Mjomba Ladu, mdogo wake mama, kutoka Uganda. Alileta televisheni, deki na jenereta ndogo, vyote amevifunga ndani ya mablanketi. Aliipigapiga televisheni mgongoni, akasema kwa Kiswahili chake cha kule, "Poni, dunia yote iko hapa ndani. Mimi iko nafungua yeye Jumapili."

Na Jumapili akaifungua kweli. Uani kwa Haboba palikuwa na rakuba, kibanda cha nguzo na nyasi cha kukaa kivulini. Tukirudi kanisani, Mjomba alitundika yale mablanketi pande zote ili tupate giza katikati ya mchana. Giza lenyewe halikuwa giza hasa. Jua lilipenya kwenye matundu ya nyasi, na vumbi likaelea ndani ya ile mistari ya mwanga, polepole. Kulinukia petroli, kahawa ya tangawizi na mafuta ya nywele. Nje jenereta ilinguruma, na baada ya dakika chache hukuisikia tena. Nikifumba macho sasa hivi naweza kurudi pale, na mkeka ukaniachia alama miguuni vilevile.

Wanawake wa mtaani walikuja na vigoda vyao na karanga za kukaanga. Walitazama sinema kama watu waliokaribishwa ndani ya nyumba ya wengine. Mtu akiingia mlangoni kwenye filamu, walimsalimu. Akila bila kunawa, walimsema. Theluji ilipoanguka mara ya kwanza, Haboba aliinama mbele, akauliza ni nani amemwaga unga wote ule na kama ana akili. Mama Rejina, jirani yetu mnene aliyetembea kwa fimbo, alimwambia msichana mmoja wa kwenye filamu aachane na yule bwana mwenye gari jekundu, na msichana alipokataa, Mama Rejina alinuna mpaka Jumatano.

Mimi ndiye niliyesoma karatasi za sidi. Mjomba alileta kifurushi kutoka sokoni, nikakaa nacho juu ya kitanda cha kamba, nikachagua. "Poni anajua Kiingereza," Haboba aliwaambia watu, kwa sauti ya mtu anayetangaza mavuno. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwangu. Watoto waliozaliwa pale walituita sisi "East Africa", na hawakuwa wanatusifu. Walitucheka kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza, mimi na rafiki yangu Kiden aliyerudi kutoka Nakuru. Lakini Jumapili nilikuwa mtu. Nilisimama mbele ya televisheni nikasema hii ni nzuri, hii ya kulia, hii mlete leso, na mtaa mzima ukanisikiliza. Kiarabu kiliponiishia nikachomeka Kiswahili, na wakanielewa. Hivyo ndivyo mimi na Haboba tulivyojifunza kuzungumza: mimi nikimsimulia sinema, yeye akinisahihisha maneno.

Mtu akishaonja sifa hutaka zaidi. Nilianza kupendekeza filamu nisizozitazama.

Moja ilikuwa na mchungaji kwenye karatasi, amesimama mlimani na fimbo, kondoo mchanga mabegani. Haboba alikuwa amewaalika kina mama wa kanisa, wote, na alitaka kitu cha heshima. Alifua gauni lake jeupe la kina mama tangu Alhamisi. Aliazima vikombe. Akanikalisha karibu naye, akaniuliza, "Hii unaijua?"

"Naijua, Haboba. Niliitazama Kitale."

"Nzuri?"

"Nzuri sana. Ni ya kanisa kabisa."

Walikuja moja kwa moja kutoka ibadani, wote wamevaa meupe, rakuba ikawaka kwa magauni yao. Na mwanzo ulikuwa mzuri kuliko hata uongo wangu. Milima ya kijani, kengele shingoni mwa kondoo, yule mchungaji akipiga filimbi. Kina mama walishusha pumzi. Mmoja alisema kondoo hao wametunzwa. Haboba alinipapasa goti gizani, na nilijiona mrefu kama mnara.

Kisha wakatokea askari juu ya kilima, wakafyatua.

Mjomba alikuwa amefungua sauti yote ili walio nyuma wasikie. Mlio wa kwanza ulikuwa haujaisha, kina mama wote wakawa chini. Hakuna aliyepiga yowe. Walilala kifudifudi juu ya mkeka na vumbi, mashavu ardhini, mikono kichwani. Mama Rejina, ambaye kuinuka kwenye kigoda kulimchukua sala nzima, alikuwa wa kwanza. Watoto wa pale nao walikuwa chini, tena mmoja wao, kasichana ka miaka sita, alinivuta gauni kwa nguvu zake zote ili nami nilale.

Waliobaki wamekaa wima ni mimi na Kiden. Tulitazamana. Na tukacheka.

Tulicheka kama tulivyochekwa sisi, na zaidi. Nilimwinamia bibi yangu pale chini, nikasema huku nikicheka, "Haboba, ni sinema tu!"

Aligeuza uso. Shavu lake moja lilikuwa limejaa vumbi. "Ana arufu," akasema. Najua.

Mjomba alikimbia kuzima jenereta. Katika kimya kile niliwasikia wanawake wakiinuka mmoja mmoja, wakipangusana. Mama Rejina alitafuta fimbo yake, akasema mgongo wake umepata likizo, wakacheka kidogo, wakanywa karkade yao, kile kinywaji chekundu cha maua, na kwenda zao. Haboba aliosha vikombe vya watu peke yake. Nilipomsogelea nisaidie, alinipokonya kikombe taratibu na kuendelea.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na sinema, wala ile iliyofuata. Mablanketi yalirudi vitandani. Haboba alinipakulia kisra kama kawaida, lakini hakukaa kunitazama nikila. Sijui kama mnakumbuka namna nyumba inavyokuwa baridi hata katika joto la Juba. Nilipewa bibi nikiwa na miaka kumi, baada ya kumkosa miaka yote hiyo, na nikampoteza kwa kicheko.

Siku moja mchana nilichukua lile gauni jeupe, nikaliloweka kwenye karai. Vumbi lilikuwa limeingia kifuani na magotini na halikutaka kutoka. Nikasugua sabuni mpaka vidole vikachubuka, nikaanza kulia, nikasugua huku nalia. Haboba alitoka ndani akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Kisha akajigusa kifuani, akasema polepole ili nielewe, "Mimi najua ni sinema, binti yangu. Mwili huu ndio haujui." Akanionyesha kwa kidole chini ya dirisha la chumba chetu, pale nilipopenda kulala kwa ajili ya upepo, akaniambia mama yangu na Ladu walilala hapo sakafuni wakiwa wadogo, na yeye juu yao. Alilisema hilo kama anavyonionyesha mahali pa kuweka ndoo.

Nilimwomba msamaha kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Akachukua gauni, akalikamua upande mmoja nami nikakamua upande mwingine, maji yakamwagika miguuni mwetu. Halafu akasema, "Sasa utatazama kwanza wewe. Ukimaliza, uje uniambie. Usiniambie kama ni nzuri. Niambie, fi bunduk?"

Yaani, kuna bunduki?

Basi tangu hapo kila Jumamosi mchana nilikaa na Mjomba rakubani, nikitazama filamu ya kesho yake mwanzo hadi mwisho kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Zile zisizo na bunduki, ambazo hazikuwa nyingi, nilizitangaza kwa furaha: "Mafi, Haboba!" Hakuna! Lakini kina mama hawakutaka kunyimwa hadithi nzuri kwa sababu ya risasi mbili tatu. Kwa hiyo tukatengeneza utaratibu wetu. Nilikaa mbele kabisa, pembeni mwa televisheni. Mahali pa risasi palipokaribia, niliinua mkono. Mjomba akashusha sauti mpaka mwisho, na kina mama wakaanza kuimba wimbo wa kanisa, kwa Kibari, chini chini, huku wanatazama. Watu walikimbia na kuanguka mle ndani bila sauti yoyote, na juu yao zile sauti za akina mama, nzito na tulivu. Nilipoushusha mkono, waliacha hata kama ni katikati ya ubeti, na sinema ikaendelea. Hata ile ya mchungaji tuliimaliza hivyo. Inaisha vizuri, kama mnataka kujua. Anarudi na kondoo wake karibu wote.

Kidogo kidogo Kiden alikuja kukaa nami mbele, tukapokezana zamu ya kuinua mkono. Hakuna aliyetuita East Africa tena, angalau Jumapili. Na Haboba, nikiinua mkono, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo.

Leo sinema iko mfukoni mwa kila mtu. Vijana wetu wanaitazama kwa kasi maradufu, sikio moja liko kwenye filamu, jingine kwa rafiki, wanaruka mwanzo, wanaruka milima na kondoo, halafu wanakwambia haikuwa na kitu. Simu yenyewe ndiyo inayopendekeza. Inasema kwa kuwa ulitazama ile, utapenda hii. Inajua nilichotazama mwaka juzi, lakini haijawahi kuniuliza nimekaa na nani. Enzi zetu aliyekupendekezea filamu aliijua nyumba yako. Alijua nani kwenu halali vizuri.

Amani ile haikukaa kama tulivyodhani, mnajua. Haboba alikuwa ameshatangulia, na kwa hilo namshukuru Mungu. Mimi nilikuwa mtu mzima, na nilijifunza mahali pa kulala chini ya dirisha lilelile. Sasa naishi Nairobi na binti yangu Suzi, mwenye miaka kumi, ambaye hajui sauti kubwa kuliko fataki. Mwezi jana nilikuwa jikoni nakoroga uji, yeye sebuleni na filamu yake, na sauti ikafyatuka. Nilijikuta sakafuni, shavu kwenye vigae, mwiko bado mkononi, uji umenimwagikia. Nilipofumbua macho Suzi alikuwa mlangoni. Alicheka, maskini, kama mtu yeyote angecheka.

"Mama, ni muvi tu!"

"Najua," nikamwambia kutoka pale chini. "Mwili ndio haujui."

Jioni ile nilimsimulia yote haya niliyowasimulia ninyi, mablanketi, vumbi, gauni jeupe. Alisikiliza, akauliza kama farasi mgonjwa alipona, akaenda zake. Nilidhani limepita.

Hivyo basi, mkiniuliza filamu ya wikendi, niambieni kwanza mtaitazama na nani. Kisha nitafuteni. Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilitoka jikoni na sinia ya chai, Suzi amekaa mkekani karibu kabisa na televisheni, rimoti mkononi. Alikuwa ameitazama filamu ile Jumamosi, kumbe, yote, peke yake. Nilipokuwa natafuta mahali pa kuweka vikombe, bila kugeuka kunitazama, aliinua mkono.

Nikaanza kuimba.