Blanketi Alilopokea Nyakio

Kwa miaka minne niliomba pasi ya kwenda Naivasha, na kwa miaka minne karani wa Nakuru alinirudishia karatasi yangu bila kuinua macho. Mwaka wa 1957, mwezi wa nane, aliinua macho. Akauliza naenda kwa nani. Nikasema naenda kwa binti yangu Wangui, mke wa Gachanja, nyapara wa shamba la ng'ombe kule kando ya ziwa. Akaandika, akapiga muhuri. Siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili.

Nilikuwa nafua nguo katika nyumba za watu wa reli na kukaa chumba kimoja mtaa wa Bondeni, hapo hapo Nakuru. Mume wangu, Kahiga, alichukuliwa na serikali mwisho wa mwaka wa 1952, akishukiwa kula kiapo cha waasi. Kambi aliyowekwa sikuijua. Barua zangu zilirudi, au hazikurudi.

Wangui hakuwa nami wakati ule. Alikuwa Naivasha kwa dada yangu mdogo Nyakio, kwa sababu shule ya kule ilikuwa karibu. Mume wa Nyakio alikuwa askari wa homugadi, wale wenyeji waliolinda upande wa serikali, nyumba yao haikuguswa. Gachanja alipoleta posa, mwaka wa 1953, niliomba pasi nikanyimwa. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuletwa, pombe imepikwa, wazee wamealikwa. Nikatuma neno kwa Nyakio: kaa mahali pangu siku hiyo, upokee blanketi la mama, uwaambie watu umelipokea kwa niaba yangu.

Hilo ndilo kosa langu, na nalisema mwanzoni ili mtu asinihurumie bure. Kwetu, mwanamke anayefunikwa blanketi na wakwe mbele ya wazee ndiye mama wa bibi harusi. Nyakio alifunikwa. Baadaye niliambiwa na mtu aliyekuwepo kwamba hakusema neno. Nikajiambia alisahau, watu walikuwa wengi, alikuwa na kazi ya kupakua.

Kisha Wangui akajifungua msichana, na baada yake, mwaka wa 1955, msichana mwingine. Habari hizo nilizipata kanisani. Kwa Wakikuyu jina la mtoto halitafutwi. Msichana wa kwanza hupewa la mama ya baba yake, wa pili la mama ya mama yake. Kwa hiyo nilijua bila kuuliza kwamba Naivasha kulikuwa na mtoto anayeitwa Wanjugu, kama mimi. Nilimsukia kiondo kidogo, mdomo wake kama kikombe, na mkanda wa kuweka kichwani. Miaka miwili nilimsemesha nikiwa kwenye beseni la nguo. Wenzangu walizoea.

Siku ya Alhamisi, nilipomaliza kuanika, nilishuka mpaka ziwani. Nilikuwa nimekaa Nakuru miaka kumi na moja, na ziwa nililiona tu kutoka kwenye kamba za nguo, mstari wa rangi ya waridi kule chini. Ukingoni kulikuwa na harufu mbaya na flamingo wengi kuliko watu niliowahi kuona. Niliokota unyoya mmoja nikautia kwenye kiondo. Nilitaka nifike nikiwa na kitu cha kumsimulia.

Ndani ya basi nilikaa upande wa kulia, dirishani. Karibu nami alikaa mwanamke wa Rongai, jina lake Jerop, anakwenda kumwona ndugu yake mgonjwa. Aliangalia jinsi nilivyoshika pasi kifuani.

"Hiyo karatasi haina mabawa, mama," akasema. "Haitaruka."

"Wewe huna?"

"Mimi Mkalenjin. Mimi napita kama ng'ombe, hakuna anayeniuliza."

Tulipolipita ziwa la Elmenteita alinionyesha kilima kule ng'ambo, kimekaa kama mtu amelala chali, pua juu. "Unamwona? Huyo ni Mmasai. Analala hivyo tangu nyinyi Wakikuyu mmwibie ng'ombe." Akacheka, nami nikacheka, na kile kilima nikakiweka akilini kwa ajili ya mtoto. Nikaweka pia machimbo meupe ya Kariandusi, na punda milia watatu waliosimama kwenye majani makavu wakitazama basi bila kushangaa.

Gilgil kulikuwa na kizuizi. Askari alipanda akasema, "Wakikuyu wote chini. Wengine kaeni mle mahindi yenu."

Tulishuka tisa, tukachuchumaa kando ya barabara. Askari aliitwa Owino, niliwasikia wenzake wakimwita. Alinifikia akanitazama tangu kichwani.

"Mama, umepaka mafuta hivi, unaenda kuolewa?"

Watu walicheka madirishani, Jerop pia.

Akasoma pasi yangu kwa sauti. "Kumtembelea binti yake. Kuna mjukuu?"

"Wako wawili, afande. Wa pili anaitwa Wanjugu, kama mimi."

"Kwa hivyo unaenda kujitembelea." Alinirudishia karatasi, lakini hakuiachilia mara moja, alishika upande wake nami nikashika wangu. "Sikiza vizuri. Bila hii wewe si mtu. Nakwambia mapema usije ukanililia."

Nilimshukuru. Nilimwona mtu mwema kwa kunionya.

Naivasha nilishuka, nikauliza njia, nikatembea karibu saa mbili na ziwa likiwa upande wangu wa kulia. Mafunjo yalikuwa marefu kuliko paa la nyumba. Mahali pamoja matope yalikuwa na nyayo za kiboko, kila moja imejaa maji, na nikasimama nikazihesabu ili nimwambie mtoto ni ngapi. Zilikuwa kumi na tisa.

Nyumba ya nyapara ilikuwa peke yake, juu kidogo ya kambi ya wafanyakazi. Wangui alikuwa nje anasuuza ndoo za maziwa. Aliniona. Hakunikimbilia. Kwanza aligeuka akatazama kambi, nyumba moja baada ya nyingine, kisha akaja akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akaniingiza jikoni.

"Nani amekuona?" akasema.

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya miaka mitano.

"Watu njiani tu," nikasema. "Hujambo, mwanangu."

"Umemwambia mtu wewe ni nani?"

Kabla sijajibu mtoto wa miaka miwili aliingia, miguu mitupu, tumbo mbele, na paji la uso la mama yangu mzazi. Nilipiga magoti. "Wanjugu," nikamwita. Aliendelea kucheza na mfuniko wa sufuria. Nikamwita tena, polepole, kama unavyomwita mtoto asiyesikia vizuri. Hakugeuka.

"Nyakio," Wangui akasema. "Njoo hapa."

Mtoto akamwendea.

Nilibaki magotini, kwa sababu kuinuka kungekuwa kazi. Wangui alisonga ugali kidogo wa mtoto, akanieleza huku akinipa mgongo. Alisema mwaka ule wa harusi wafanyakazi wote wa shamba walichunguzwa. Waliketishwa uwanjani, mmoja mmoja akaitwa mezani. Aliyekuwa na mtu katika kambi za wafungwa alipandishwa lori kurudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, yeye na mume na watoto.

"Waliniuliza mama yako nani. Nikasema Nyakio. Baba yako nani. Nikasema mume wa Nyakio."

"Ukadanganya."

"Nilidanganya nini? Aliyefunikwa blanketi ni nani? Gachanja mwenyewe alimfunika. Wazee waliona."

"Na Gachanja anajua nini?"

"Anajua alichoona."

"Na mimi?"

Aliweka mwiko chini. "Wewe ulikuwa na mume kambini," akasema, kama mtu anayesema mwenzake ana ukoma.

Kisha akaomba pasi. Nikampa, nilidhani anataka kuona siku zilizobaki. Wangui alisoma mpaka darasa la sita, alisoma haraka. Macho yake yalifika pale palipoandikwa jina lake, la mume wake na la shamba, na neno binti.

"Kila mgeni anamwonyesha Gachanja pasi. Ni kazi yake," akasema. "Ataisoma hii saa kumi."

Hakunitazama usoni. Aliikunja mara mbili akaisukuma chini ya chungu, katikati ya makaa. Ningeweza kuitoa, nilikuwa karibu na moto kuliko yeye. Niliangalia karatasi ikiinuka pembeni kama kitu kinachotaka kutoka, kisha ikalala. Muhuri ndio uliokaa zaidi.

"Nitarudije Nakuru?" nikauliza.

"Utasema umeipoteza. Watu wanapoteza."

Saa kumi Gachanja alirudi kutoka kukamua. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti. Wangui alisema huyu ni mama wa kanisa, rafiki wa Mama, ametoka Nakuru, amepoteza pasi njiani. Gachanja alinitazama akafikiri kidogo.

"Ni kosa kubwa," akasema. "Lakini kama wewe ni rafiki wa mama mkwe, leo sijakuona. Kesho jua lisikukute hapa."

Akakaa kwenye kiti mbele yangu, akanyosha miguu, akaanza kuvua buti.

Mtu wa kwetu anayesoma haya anajua. Mwanamume havui kiatu mbele ya mama ya mke wake. Hanyoshi miguu, hali chakula akimtazama. Akisikia yuko nyumbani, hukohoa mlangoni kwanza. Gachanja alivua buti zote mbili na soksi. Nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa kulowa maji ya boma.

"Mama wa Nakuru," akasema, "nisogezee hayo maji."

Karai lilikuwa karibu nami. Nililichukua, nikaliweka chini ya miguu yake. Wangui alikuwa ameinamia chungu, anakoroga githeri ya mahindi na maharagwe ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Mama mkwe wangu ni mtu wa maana," Gachanja aliniambia akijisugua. "Kila Krismasi namfunika blanketi jipya. Huyu mtoto ni yeye kabisa. Tazama paji la uso."

"Nimeliona," nikasema.

"Unamjua vizuri, Nyakio?"

"Nimemlea."

Akacheka, akidhani ni utani wa wanawake wa kanisa. Nilipotazama upande wa Wangui, mwiko ulikuwa umesimama.

Nililala stoo, juu ya magunia ya pumba. Mjukuu wangu mkubwa sikumwona, alikuwa kwa mama ya Gachanja. Asubuhi nilimvika mtoto kile kiondo, mkanda kichwani kama mwanamke mzima anayetoka sokoni, na unyoya ndani. Alizunguka nacho uwanjani. Sikumweleza kuhusu kilima wala nyayo kumi na tisa. Hakuwa na umri wa kuelewa, na sikuwa na jina la kumwitia.

"Mwambie tata kwaheri," Wangui akasema. Tata ni mama mdogo au shangazi, au mwanamke yeyote.

"Kwaheri, tata," mtoto akasema.

Wangui alinipa chupa ya maziwa yenye kizibo cha gunzi. Tulifika mahali njia inapoingia kwenye mafunjo, akasimama. "Baba akitoka, nitamwambia Gachanja taratibu," akasema. Nikamuuliza na baba asipotoka. Akasema anachelewa kukamua. Saa ile ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa. Nilikuwa nimesikia ndoo zikipita.

Gilgil nilishuka mwenyewe kabla sijaitwa. Owino alinitambua, ingawa siku hiyo sikujipaka mafuta.

"Umerudi mapema. Mkwe hakukulisha? Lete."

"Imepotea, afande."

Hakuonekana kufurahi. "Jana nilikwambia nini?"

"Uliniambia."

"Haya. Mimi si mtu mbaya." Akaonyesha kibanda chao, ndani kulikuwa na simu mezani. "Sema jina la binti yako na shamba. Nampigia mzungu wake simu, mume anakuja anakutambua, unaenda nyumbani. Nusu saa. Kupoteza pasi ni mwezi mmoja, na wewe si mtu wa kulala jela."

Nilifikiria ile simu ikilia katika nyumba ya mzungu. Nikafikiria meza uwanjani, na lori, na paji la uso la mama yangu likichungulia nyuma ya lori lile kuelekea rizavu, mahali ambapo hawangekuwa na hata chungu.

"Sina binti, afande."

"Jana ulikuwa naye."

"Nilimdanganya karani ili nipate pasi."

Mwenzake alicheka, akasema huyu mama ni mjanja kuliko anavyoonekana. Owino hakucheka. Alivuta kalamu sikioni. "Unajua hiyo ni kesi nyingine? Kudanganya ni miezi mitatu juu ya ule mmoja. Fikiri vizuri. Una binti au huna?"

Basi lilikuwa limewasha injini. Watu wa madirishani walitulia wasikie. Nilikuwa bado nimeshika chupa ya maziwa, na ilikuwa imeanza kuvuja kwenye gunzi.

"Sina," nikasema.

Akaandika.

Huko gerezani mwandishi wa daftari aliniuliza jina. Nikasema Wanjugu wa Kahiga. Akauliza kama katika ukoo wangu kuna mwingine wa jina hilo, mkubwa au mdogo, maana sisi Wakikuyu tunarudia majina na daftari zinachanganyika.

Nikamwambia aandike tu, hakuna mwingine.