Majani Ndani ya Kengele

Nilikwenda Kulamawe kwa sababu dada yangu Sahra alikataa kula. Alikuwa kwangu Chechelesi, mjini Isiolo, akingoja kujifungua, na mumewe Guyo alikuwa amebaki kule na ngamia wao. Ndipo utingo wa lori la mifugo akatuletea habari kwamba Guyo amekamatwa na wanajeshi, ngamia wamezuiwa, na gari likipatikana ataletwa Isiolo kama shifta, yaani mwasi wa porini. Tangu hapo Sahra akawa mtu wa chai tupu. "Kaka, nenda uniletee neno lake," aliniambia. "Si lako, lake." Ilikuwa miaka ya sabini. Vita vya shifta vilikuwa vimekwisha redioni, lakini porini kwetu watu wenye bunduki walikuwa bado wapo.

Asubuhi nilipanga lori langu kwenye kizuizi nje ya mji, nimepakia unga na sukari ya maduka ya Kulamawe. Gari la raia halikuruhusiwa kwenda peke yake, lilisubiri msafara wa jeshi. Mkuu wa msafara alikuwa Sajini Wafula, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Alinikagua mimi, akaukagua na mzigo.

"Mzee, ukisikia risasi usijifanye shujaa. Lala chini ya gari."

"Na unga wangu?"

"Unga wacha ulale juu."

Tukacheka, tukaondoka. Babu yangu aliletwa nchi hii akiwa amevaa sare ya jeshi la mkoloni, nami nimekua nikisikia hadithi zake za majeshi mawili yaliyojipanga yakatazamana. Nilidhani najua kazi ya askari. Kumbe nilijua kazi ya babu tu.

Njiani, milima ya Nyambene ikiwa mkono wetu wa kulia, tulikwenda kwa mwendo wa punda mwenye kilema. Kila tulipofika laga, yaani mto mkavu wa mchanga, msafara ulisimama. Askari walishuka, wakaingia vichakani pande zote mbili, wakatangulia kwa miguu hadi ng'ambo. Kisha lori moja likavuka, mengine yakingoja mbali. Gari likizama mchangani huwa shabaha, na yakizama mawili pamoja adui amepata karamu. Tukavuka laga moja, tukafika nyingine, na yote yakaanza upya.

Kwenye laga moja suguya, yule swala mdogo kuliko mbuzi, alichomoka kichakani. Askari aliyekuwa karibu nami aliinua bunduki, kidole kikafika kwenye kifyatulio. Suguya akapita zake. Hakuna aliyecheka. Yule askari alikaa juu ya jiwe, akanywa maji hadi chupa ikaisha. Nilimwonea huruma, kwani angeweza kuwa mwanangu.

"Hii vita haina mbele wala nyuma," Wafula aliniambia tulipopanda tena. "Adui hatumwoni. Tunaona mtu na mifugo yake. Sasa utajua aje huyu ni nani? Kazi yetu kubwa ni kusikiliza."

Mchana tulifika kambini, kabla ya maduka ya Kulamawe. Mahali panapoitwa hivyo huwezi kutarajia majani mabichi, na kweli palikuwa mawe matupu, mahema, na ua wa miiba. Ngamia wa Guyo walikuwa ndani ya boma la kando. Mwenyewe alikaa kivulini mwa turubai, mikono imefungwa, mlinzi amesimama juu yake.

"Salaam aleikum, shemeji," nikamwambia.

"Aleikum salaam. Sahra amejifungua?"

"Bado."

Akashusha pumzi.

Mwenye kambi alikuwa luteni kijana, midomo imepasuka kwa jua, macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa chai kabla ya maneno. Kisha akaleta kengele ya mti, zile tunazowavalisha ngamia shingoni ili mwenyewe asikie waliko. Ndani yake palijazwa majani makavu, pakashindiliwa hadi haiwezi kulia.

"Juzi askari wangu alipigwa risasi akiwa na sahani mkononi," akasema. "Waliokuja walikuja kimya. Halafu huyu anapita nyuma ya kambi asubuhi na ngamia hawana sauti. Mtu mwema anaficha nini?"

Guyo hakujua Kiswahili cha kutosha, nami Kiborana ni kama lugha yangu, kwa hiyo nikawa mkalimani.

"Kengele ikilia, shifta anasikia, anachukua ngamia," Guyo akajibu. "Askari naye akisikia anakuja kuniuliza kama nimewapa shifta maziwa. Nimechoka kusikika."

"Na kwa nini upite karibu na kambi?"

Guyo alimtazama kama aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Shifta walikuwa upande ule mwingine. Nikasema nikipita karibu na askari nitapona."

Nilipotafsiri hilo, luteni alikiweka kikombe chake chini. Sajini Wafula, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. "Afande, shifta akiiba ngamia anakata kengele anatupa. Huyu ameziacha zote shingoni. Ni mchungaji huyu, anaogopa tu. Hata sisi tunaogopa."

Luteni akaamuru kamba ikatwe. Lakini aliweka sharti. "Mwambie kengele zilie. Zikilia tutajua ni yeye, hatutapiga risasi. Na Sajini atatoa watu wafuate sauti mpaka kisimani, kwenda na kurudi."

Nikatafsiri. Guyo akauliza neno moja tu: "Mpaka lini?"

Luteni alimtazama Wafula. "Mpaka tuhamishwe," Wafula akasema, na nikampenda kwa kutodanganya.

Alasiri kengele zilizibuliwa. Wafula alisaidia kwa ncha ya kisu, na kila fungu la majani lililotoka Guyo aliliokota, akalifunga kwenye pembe ya shuka lake. Wafula aliona. Akageuka akaanza kuirekebisha kofia yake, ambayo haikuwa na kasoro.

Wakaondoka, kengele zikigonga, askari wakifuata nyuma kwa mbali. Nikamwuliza Guyo nimpelekee Sahra neno gani. "Mwambie ngamia ni wazima."

Kesho yake nilirudi na msafara, nikishuka na kungoja kila laga. Safari hii nami nilijikuta nimetega sikio. Nilijifunza kwamba kule askari na mchungaji wanaogopa kimya kilekile, na kila mmoja anadhani aliyejificha ndani yake ni mwenzake.

Jioni nilifika Chechelesi. Sahra alikuwa amelala ubavu, chakula cha mchana kimefunikwa vilevile.

"Amesema nini?"

"Amesema ngamia ni wazima."

Akasonya. "Hilo hata ngamia wangeniambia."

Nikamweleza yote: chai, kengele zilizojazwa majani, sharti, askari wanaofuata sauti. Uso wake haukubadilika.

"Na majani, ameyatupa?"

"La. Ameyafunga kwenye shuka."

Akafumba macho. "Alhamdulillahi. Basi akili yake bado anayo. Siku askari wakihama atayahitaji." Akajiinua polepole, mkono mmoja tumboni, akaifunua sahani.