Noti Zilizobaki Kwenye Jedwali

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kanda ya benki, pale Mwanza, nilipewa penseli, kifutio na jedwali refu kuliko meza. Mkuu wa Takwimu, mzee wa Kihaya aliyevaa tai hata Jumamosi, akaniuliza, "Fedha za nchi ni zipi?" Nikajibu ni zile zilizomo benki. Alicheka hadi akavua miwani.

"Noti iliyo ndani ya kabati letu la chuma haihesabiwi, kijana. Hesabu noti zilizo mikononi mwa watu, kisha jumlisha amana zao."

Huo ndio ujazi wa fedha, ninyi mnaosoma haya kwenye simu. Kwa tafsiri finyu ni noti na sarafu zilizo nje ya mabenki, pamoja na amana za hundi. Kwa tafsiri pana unaongeza akiba na amana za muda maalumu. Soko lilipofunguliwa miaka ya tisini na watu wakaruhusiwa kuweka dola, tukachora safu nyingine. Sisi tulikusanya amana za kila tawi kama zilivyosomeka siku ya mwisho ya mwezi.

Kisha ikaja amri ya kupunguza matawi yasiyojilipa, na majedwali yetu ndiyo yakawa mizani. Tawi letu dogo la Nansio lilionyesha amana duni miezi minne mfululizo. Nikatumwa kisiwani kuangalia.

Kwenye foleni nilimkuta Mama Nyangeta, mjane mwenye mitumbwi miwili ya dagaa. Nilimwamkia, nikamweleza kilichonileta.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unakuja wakati wa giza, siku zisizo na mwezi? Sasa hivi tunatoa hela zote, tununue mafuta ya karabai za kuvulia dagaa usiku, tuwape wavuvi posho. Ngoja mbalamwezi itoke, dagaa wauzwe. Hapa utakosa pa kukanyaga."

Nilipekua leja, nikaona anasema kweli. Mwezi wa angani na wa kalenda hupishana siku moja au mbili tu. Giza likiangukia mwisho wa mwezi, huangukia hapo miezi kadhaa. Sisi tulikuwa tunapima tawi kila mara likiwa tupu.

Niliandika hayo chini ya jedwali, mistari mitatu. Meneja wa Kanda, aliyeletwa kusimamia mageuzi, akaisoma.

"Hili ni jedwali, siyo barua ya nyumbani. Futa."

Nilikuwa na mke, mtoto mchanga na nyumba ya kazini. Nikafuta kwa kifutio changu mwenyewe. Kwenye kikao cha kuamua matawi ya kufungwa akaniuliza kama hizo ndizo amana za Nansio. Nikasema, "Ndiyo, mzee." Tawi likafungwa.

Mwaka uliofuata Mama Nyangeta alivuka kuja Mwanza, akaniulizia mapokezi kwa jina. Jiko lake lilishika moto, ukapanda paa la nyasi, nyumba yote ikateketea. Tangu tawi lifungwe, fedha za mitumbwi alikuwa anaziweka kwenye kopo, chini ya kitanda. Akaliweka mezani kwangu.

"Wewe ndiye unayejua fedha, mwanangu. Nihesabie."

Noti iliyoungua hubadilishwa ikiwa namba yake inasomeka. Nilipembua majivu yaliyokuwa koponi kwa ncha ya penseli mpaka saa ya kufunga. Hapakuwa na namba hata moja. Alinishukuru, na shukrani ile iliniuma kuliko tusi. Sikumwambia kuhusu ile mistari mitatu.

Nimestaafu, ninaishi Ilemela, na watu huniita mtaalamu. Lakini noti zilizo mikononi mwa watu hazihesabiwi moja moja. Huchukuliwa zote zilizowahi kutolewa nchini, zikaondolewa zilizorudi benki. Za Mama Nyangeta hazikurudi. Kila taarifa ya ujazi wa fedha iliyonipitia tangu siku ile hadi nilipokabidhi ofisi, zimo ndani yake, na nilikuwa natia sahihi kwamba bado anazo.