Mwenye Shati Atangulie

"Umeniua, dada! Umeniua mzima mzima, na leo ndiyo siku yenyewe!"

"Nimekuua mimi? Kizungu chako ndicho kimekuua. Mimi nimekunja nguo tu."

"Na nani alikutuma ukazigawe?"

"Miguu yangu!"

Tulikuwa uani, mimi na mdogo wangu, kila mmoja kashika upande wake wa beseni kana kwamba beseni ndilo lililokosa. Watu wote humwita Dobi, hata mimi niliyembeba mgongoni. Alifiwa na mume akiwa na watoto watatu na kipande kimoja cha sabuni, akaanza na shati la jirani, na hajanyanyua mgongo tangu siku hiyo. Miaka thelathini na ushei. Wajukuu zangu husema nasema uongo, lakini mimi nilikuwepo alipolisugua shuka lenye doa la wino mpaka doa likatoka zima zima, tukalianika peke yake kwenye kamba. Likakauka. Tukalikunja.

Sasa mikono yake imekwisha. Magadi yameila, vidole vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Nesi wa zahanati, ambaye naye ni mteja wake, alimwambia wazi: "Mama, mwaka mwingine mmoja ndani ya beseni, hutaweza hata kufunga kifungo." Basi ikasikika kwamba hoteli kubwa inatafuta mtu wa kusimamia nguo za wageni. Mashine inafua, mashine inakausha, yeye kazi yake kupokea na kukabidhi. Sharti moja tu: awaambie wageni kwa Kiingereza hili la nani na lile la nani. Msimamizi wa hoteli angekuja saa nne aone anavyofanya kazi, amsikilize anavyosema. Akishindwa, anarudi kwenye beseni.

Mwalimu alipatikana hapo hapo mtaani, mstaafu mmoja tunamwita Mwalimu Tai, maana hata kuchota maji anavaa tai. Alimfundisha barazani kwake, nami nikakaa pembeni kuhakikisha hakuna udanganyifu.

"Kwetu kitu kinatangulia, mwenyewe anafuata," akasema. "Shati langu. Wenzetu, mwenyewe ndiye anayetangulia. My shirt."

"Ina maana mwenye shati anaingia mlangoni kwanza, shati nyuma yake?" akauliza Dobi.

"Barabara."

"Na soksi?"

"My socks."

"Na viatu?"

"My shoes."

"My ile ile? Sisi tuna langu, zangu, vyangu, wangu, mpaka ulimi unatoka jasho, wao wana moja?"

"Moja tu, Dobi."

Alicheka huyo! Alicheka mpaka akateleza kitini. "Wavivu hawa! Neno moja wanalivalisha nguo zote!"

"Ila ukishaiweka my, usiichomekee the mbele yake. Kiti ni kimoja, wawili hawakai. Na mwenyewe ukimtaja kwa kazi yake, mtie s ndogo mkiani. Teacher's shirt. Nurse's dress."

"Mkia huo," nikauliza mimi, "kwenye suruali unapitia wapi?"

Mwalimu akalegeza tai.

Sasa sikilizeni jinsi balaa lilivyoingia. Dobi hajui kusoma, nami sijui, kwa hiyo kila mteja ana kitambaa chake cha alama. Bucha, muuza nyama, chekundu. Mwalimu, cha buluu. Nesi, cheupe chenye fundo. Nguo zikianikwa, za mtu zinatangulia zote, halafu kitambaa chake kinabanwa mwisho, kama mchungaji nyuma ya mbuzi. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Mdogo wangu, kichwa kimejaa my na your, akaona njia ya kukariri ni kuyapanga kwenye kamba: mwenyewe mbele, nguo nyuma. Akavihamisha vitambaa vyote. Hakuniambia! Akakimbilia barazani kwa Mwalimu.

Jioni nami nikaja kuanua. Nikaanza kushoto, kama kawaida: nguo hizi, kitambaa kinachofuata, funga. Suruali za Bucha nikazifunga kwa kitambaa cha Mwalimu. Mashati ya Mwalimu kwa kitambaa cha Nesi. Nikaona huku mwanzo kitambaa chekundu kimebaki yatima, na kule mwisho magauni meupe yamebaki yatima. Nikaozesha yatima kwa yatima. Kisha, kwa huruma yangu, nikazipeleka nguo zote majumbani mimi mwenyewe.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, Dobi alipokuta kamba tupu, tulikuwa tumeshikilia beseni.

Mlango wa ua ukagongwa, akaingia Bucha. Mtu mkubwa yule, kivuli chake tu kinahitaji mlango wa mabawa mawili. Alikuwa amevaa gauni la Nesi. Mkono mmoja ulikuwa umeingia, wa pili ulikuwa umekataa, na mgongoni vifungo vilikuwa vimeshakata tamaa.

"Shikamoo, Bibi," akasema, "lakini huu ni uhuni!"

"Marahaba, baba. Umependeza."

"Nimelivaa gizani, umeme umekatika! Sasa halitoki!"

Nyuma yake akaja Mwalimu Tai, suruali ya Bucha kaikusanya kiunoni kwa mikono miwili kama mtu aliyeiba gunia. Nesi akafuata, yeye na shati la mwanamume likimfika magotini na tai shingoni. "Zamu yangu inaanza saa tano!" akapiga kelele, kisha akamwona Bucha, akakaa chini palepale akacheka hadi machozi.

Dobi hakucheka. Alilia. "Saa nne inafika, na ua wangu ni sarakasi."

"Usilie," Mwalimu akasema, suruali ikimteleza. "Tumia ulichofundishwa. Mgawie kila mtu chake. Kwa Kiingereza."

"Siwezi."

"Nani kavaa nini? Anza na mwenyewe!"

Dobi akafuta pua kwa kiganja. Akamtazama Nesi, akatazama gauni juu ya Bucha, akasema polepole, kama anayevuka kijito kwa mawe: "Nurse's... dress."

"Ehee!" tukaitikia sote.

"Teacher's shirt." Sauti ikapanda. "Your trousers!" akamwambia Bucha akimwelekeza kiunoni kwa Mwalimu. "His trousers! Not teacher's trousers!"

"Ehee!"

Akashika moto. Akazunguka ua akigusa kila kitu: my rope, my soap, my sister, na hapo akanifinya. Bucha akawa anajibu "my dress, my dress" akilishika gauni, Nesi akampiga na tai, "No! Mine ni hilo!" na Mwalimu akapiga makofi, kitendo alichokijutia mara moja kwa sababu ya suruali. Nikacheka mpaka mbavu zikahama upande. Kelele zetu zilisikika nchi ya tatu, na huko nako wakauliza shati ni la nani.

"Whose socks?" Mwalimu akauliza akiwa amechuchumaa, anajistiri, akionyesha soksi pana miguuni mwake.

"Butcher's socks!" Dobi akaruka juu. "His big, big, big..."

Mlango ukafunguka bila kugongwa.

Alisimama mwanamke mrefu, faili kwapani, beji ya hoteli kifuani, koti la kijivu lililonyooshwa vizuri ila mkononi lina doa bichi la chai. Akamtazama Bucha ndani ya gauni. Akamtazama Mwalimu. 

Dobi hakusalimu, hakujieleza. Alikuwa bado anahema. Akaliona doa, akanyoosha mikono yote miwili.

"Your coat, madam."

Msimamizi akampa Nesi faili amshikie, akaanza kufungua vifungo vya koti lake.