Fundi wa Bunia na Bahari Iliyozama Sebuleni

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Fiacre Lossa amepiga magoti katikati ya nyumba isiyo na paa huko Mudzipela, mjini Bunia, mashariki mwa Kongo. Mkononi ana kipande cha nondo. Anagonga sakafu, anatega sikio, anasogea kidogo, anagonga tena. Wenzake wanachanganya mchanga na saruji nje, na hakuna anayemharakisha.

"Bananiita docteur wa sakafu," anasema bila kuinua kichwa. "Bacheke tu. Siku nyumba itakufungulia mudomo yake, weye pia utaanza kugonga."

Mdomo huo aliuona Februari mwaka jana, kwenye jengo lisilo mbali na hapa.

Fiacre ana miaka 43. Ni mwashi, mzaliwa wa Djugu, na huko alikuwa na shamba la mihogo na nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga mwenyewe. Mapigano yalimtoa mwaka 2018, yeye, mkewe Solange na watoto wao wanne. Waliishi miaka miwili chini ya turubai. Sasa wamepanga chumba kimoja katika mtaa wa Simbilyabo. Kazi ikipatikana hulipwa dola nane kwa siku, na Solange huuza sokoni samaki wakavu wa Tchomia, kando ya Ziwa Albert.

Basi wazia alivyoduwaa siku Roger, mfanyabiashara anayepitisha bidhaa zake mpakani Aru, alipomfungulia mchoro wa nyumba yake mpya. Kati ya sebule na chumba cha kulia hakukuwa na ukuta wa tofali. Kulikuwa na akwariamu: tangi la kioo lililojengewa humo humo ukutani, lenye maji ya chumvi na samaki wa baharini.

"Nikamuuliza, 'Patron, hii samaki mutaikula siku gani?' Akaniangalia kama mutu wa kichwa mubaya. Akasema, 'Haiko ya kula. Iko ya kuangalia.' Nilifika nyumbani nikaelezea Solange. Alikataa kabisa kuamini."

Samaki wenyewe wangekuja kwa ndege, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa maji. Hata chumvi ilikuwa ya kuagiza, zaidi ya kilo hamsini. Lakini Fiacre hakuwaza sana chumvi. Aliwaza uzito. Tangi la mita tatu lingebeba lita elfu moja na mia sita, yaani zaidi ya tani moja na nusu, limesimama mahali pamoja mchana na usiku.

Sakafu aliikuta imekwisha kumwagwa na mafundi waliomtangulia. Alipoanza kujenga kitako cha tangi, nyundo ilimponyoka ikaanguka. Sauti haikumpendeza. Ilikuwa na mwangwi, kama mtu amepiga debe tupu. Alimwendea Laurent, msimamizi wa ujenzi.

"Chef, hapa chini iko muzima?"

"Iko muzima. Mimi mwenyewe nilisimamia. Weye jenga."

Fiacre akajenga.

Wiki sita baadaye vioo vilikuwa vimeshikamana na mabomba yamefungwa. Kabla ya kutia chumvi, tangi hujaribiwa kwa maji ya kawaida. Walianza kujaza saa nne asubuhi. Charlotte, mke wa Roger, alikuja kujionea. Alisimama karibu kabisa na kioo, simu mkononi, akipiga picha maji yakipanda.

Yalipofika robo tatu, Fiacre alisikia mlio mdogo, kama mtu anavunja vidole. Akatazama chini. Ufa mwembamba ulikuwa unatembea sakafuni, kutoka kwenye kitako kuelekea viatu vya Charlotte.

"Madame, toka! Toka pale!"

Charlotte aligeuka akicheka, akidhani ni mzaha. Fiacre alimrukia, akamshika mkono na kumvuta kwa nguvu hadi wote wawili wakaanguka mlangoni. Nyuma yao sakafu ilishuka. Kitako kikainama, kioo kikapasuka kwa kishindo kilichowatoa majirani nje, na maji yote yakamiminika ndani ya shimo jeusi palipokuwa na sebule.

Kisha harufu ikapanda, na kila mtu akajua ni nini.

Lilikuwa shimo la choo cha zamani, la watu waliouza kiwanja. Halikujazwa. Lilifunikwa kwa miti na mabati, likatupiwa udongo, zege jembamba likamwagwa juu. Wakateremsha kamba yenye jiwe. Ilishuka mita tano.

"Pale ndjo tulikuwa tunakulia chakula saa sita," Fiacre anasema, akijishika kichwa. "Kila siku. Batu sita, tunakaa, tunacheka, juu ya mabati!"

Roger alifika akitweta. Laurent alikuwa wa kwanza kusema: fundi amejenga vibaya. Roger akamgeukia Fiacre.

"Ulikuwa unajua?"

Angeweza kukana. Hakuna mwingine aliyesikia ile nyundo, na Laurent asingesema kwamba aliulizwa.

"Nilisikia chini inalia, Patron. Nikauliza chef, akasema iko muzima. Sikuamini, lakini nikanyamaza. Niliogopa kupoteza kazi."

Charlotte akaanza kulia. Fiacre akakusanya vifaa vyake akaenda zake, akijua yamekwisha.

Siku tatu hakutoka nyumbani. Ya nne, Roger alimpigia simu. Laurent alikuwa ameondolewa.

"Kuja ujenge tena," Roger alimwambia. "Kuanzia chini. Batu wote banasema habakujua. Ni weye tu uliniambia kweli."

Shimo lilijazwa mawe hadi juu, likapigwa zege lenye nondo. Leo samaki wa manjano na wa buluu wanaogelea ndani ya ukuta ule, na watu wengine wawili wamemwita Fiacre awakagulie sakafu zao.

Lakini hasahau alivyonyamaza. "Ile inaniuma kupita shimo," anasema. "Madame angekufa sababu mimi nilifunga mudomo."

Amekwisha kulipa nusu ya bei ya kiwanja kidogo pembezoni mwa mji. Mvua zikipungua ataanza msingi: vyumba viwili na sebule, basi. Hatamwajiri mtu wa kumchimbia.

"Batoto yangu balilala chini ya turubai, sasa banalala kwa nyumba ya batu bengine," anasema. "Nataka balale juu ya udongo yenye nimechimba na mikono yangu. Bakiuliza chini kuko nini, nibajibu."