Madoa ya Ua la Njano

Mume wangu ni mpiga picha za pasipoti. Kwa miaka ishirini na sita amewakalisha watu kwenye stuli ileile, akawaambia wainue kidevu, kisha akaingia kwenye kompyuta kuwaondolea chunusi, makovu na mifuko chini ya macho. Mtu huingia amechoka, hutoka anang'aa kama sahani mpya. Wateja wanampendea hilo, nami sina la kusema, maana ndilo linalotulisha.

Wengine wana mpira. Yeye ana ua. Ni ua la njano la porini, dogo kama kifungo cha shati, linaloota mteremkoni nyuma ya shule na, kwa tujuavyo, si kwingine mjini. Hufunguka jua likichomoza, na hujifunga kabla ya saa sita mchana. Nyuki wake ni mweusi, mdogo kama punje ya mchele. Maganda yake yakikauka hupasuka na kurusha mbegu, nazo hulala ardhini zikisubiri mvua. Ukiling'oa ukalipanda kwako linakufa. Tumejaribu mara tatu. Haya nayajua kwa sababu nimeolewa na mtu anayeyasema hata usingizini.

Mwaka huu shule ikaamua kumwaga zege pale, pawe maegesho ya magari. Mwalimu mkuu, mtu wa haki, akasema ataacha iwapo mtaalamu wa mimea atathibitisha kwa maandishi kwamba ua hilo ni adimu. Mume wangu akachagua picha zake kumi na mbili bora, akazituma. Wiki nzima alitembea kama bwana harusi.

Jibu likaja Jumatatu. Mtaalamu alieleza kwa upole kwamba ua adimu lina doa la rangi ya damu ya mzee kwenye kitako cha kila petali, la kumwongoza nyuki. Hili halina hata moja, kwa hiyo ni lile la kawaida.

Nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama sakafu.

"Umeyasafisha," nikamwambia.

"Mkono ulienda wenyewe, mama watoto."

Mazoea yana tabu. Aliyafuta doa kwa doa, na picha za awali akazitupa ili kompyuta isijae, kama afanyavyo kwa sura za wateja. Msimu ulikuwa umekwisha, mteremkoni vimebaki vijiti, na zege lingemwagwa Ijumaa. Nilimfokea sana. Kisha nikamwona anafuta lenzi isiyo na vumbi, nikamhurumia.

Alhamisi akaniita studio. Kwenye kompyuta nilikuwa mimi, nimechuchumaa mteremkoni msimu uliopita, nimenuna kwa kuamshwa alfajiri. Kovu la kidevuni liko wazi, na mashavu yana mabaka niliyonayo tangu uzazi wa mwisho. Kati ya vidole vyangu ua limefunguka, petali tano, madoa matano.

"Mbona hii hukuisafisha?"

"Ningesafisha nini?" akauliza, na hakuwa anatania. Hakuelewa swali.

Nilimwomba akate uso wangu kabla ya kutuma. Alikataa. Mtaalamu akajibu siku hiyohiyo, na zege halikumwagwa. Sasa picha imebandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kubwa kama mlango wa kabati, na kila mzazi anayeingia analiona ua, na ananiona mimi nimenuna. Sijaomba iondolewe.