Alichoniambia Mwanaidi wa Zinga

Mwanangu, kabla hujaanza kazi yako ya maabara, keti nikusimulie Jumanne moja ambayo sijaisahau hadi leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni karibuni. Hapa Bagamoyo palikuwa na Daktari Zubeda, mama mmoja aliyeacha kazi ya hospitali ili afanye utafiti wake mwenyewe wa selimundu. Alikodi vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, akawa anatafuta kwa nini ugonjwa huo humtesa huyu kuliko yule, na kama dawa fulani ya mizizi ingeweza kupunguza yale maumivu ya mifupa. Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea wagonjwa walioikubali dawa, kuwauliza hali, na kuandika kila wanachosema.

Mdogo wangu Hamisi alikuwa na ugonjwa huohuo. Nilikwisha kumkanda miguu akilia mara nyingi mno. Basi niliitaka dawa ile ifaulu, mwanangu. Niliitaka kupita kiasi.

Jumanne hiyo nilikwenda Zinga kwa dada Mwanaidi, mke wa Bakari fundi cherehani. Nikamkuta amejilaza mkekani.

"Mdogo wangu," akaniambia, "maumivu yamepungua, alhamdulillahi. Lakini chakula hakipiti, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Na macho, hebu nitazame."

Macho yalikuwa ya manjano. Nikajiambia kwamba wenye selimundu mara nyingi huwa hivyo.

"Ni uchovu tu, dada. Endelea na dawa."

Daftarini nikaandika: maumivu yamepungua, hana tatizo.

Jumanne iliyofuata sikumkuta. Alikuwa amezikwa Jumapili.

Daktari alilifungua daftari mbele yangu. "Hakukwambia kitu?"

Ningeweza kusema hakuniambia. "Aliniambia," nikajibu.

Hakunigombeza. Alisimamisha dawa kwa wagonjwa wote siku ileile, akavaa baibui lake, akanichukua hadi Zinga kumweleza Bakari ukweli wote. Bakari alisikiliza hadi mwisho, akapangusa uso, akanigeukia.

"Alikupenda," akasema. "Kila Jumanne akiamka ananiambia, leo anakuja yule binti anayenisikiliza."

Afadhali angenipiga.

Utafiti ulifungwa. Kama aliuawa na dawa au na ugonjwa wenyewe, hatukujua wala hatutajua, kwa kuwa siku ambayo tungeweza kujua, mimi niliandika uongo. Hamisi naye alitutoka miaka miwili baadaye. Huenda katika mizizi ile mlikuwa na kitu cha kumfaa, kwa kipimo kingine, kwa uangalizi mwingine. Hilo nalo nililifunga kwa kalamu yangu.

Basi nasaha yangu ni hii. Mgonjwa akikwambia neno usilotaka kulisikia, liandike hilo kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, kabla hujatoka mlangoni kwake. Uchungu ulio nao kwa mgonjwa wa nyumbani kwako usikuzibe masikio kwa mgonjwa wa mwenzio. Na ukikosea, sema saa hiyohiyo. Usingoje kuulizwa kama nilivyongoja mimi, mtu akiwa tayari kaburini.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kusikiliza na mkono mkweli, na utakaowahudumia awarudishe kwa watu wao wakiwa wazima. Amin.